Urithi wa Rangi ya Manyoya ya Njiwa

(Mazungumzo na makatibu wa vyama vya msingi na wanachama wafugaji)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya namna rangi ya manyoya inavyorithiwa katika ufugaji wa njiwa. Yawezekana wapo watakaojiuliza: rangi yatuhusu nini sisi wanaushirika, ambao twafuga njiwa kwa ajili ya nyama na kuuza makinda? Jibu langu ni kwamba yatuhusu kwa mambo mawili, nayo ni fedha na haki.

Kwanza, fedha. Njiwa hufugwa wawili wawili, dume na jike. Jozi hutaga mayai mawili na kuyaatamia kwa muda wa siku 17 au 18, na makinda huwa tayari kwa nyama wafikapo umri wa wiki nne hivi. Lakini dume na jike hufanana mno. Mwanachama aweza kulipia jozi, kumbe amepewa majike wawili. Hao watajenga kiota, watataga mayai manne badala ya mawili, na hakuna hata moja litakaloanguliwa. Chakula kimekwenda bure na miezi imepotea.

Pili, haki. Aliyenunua jozi ya njiwa wekundu akapata kinda wa samawati hudai kwamba ametapeliwa. Pengine ana haki. Pengine anamwonea mwenziwe. Katibu anayeletewa shauri kama hilo haifai aamue kwa kukisia, maana kanuni yake ipo nayo si ngumu.

Hisa za rangi

Njiwa wa kufugwa wana rangi tatu za msingi. Ya kwanza ni nyekundu ya majivu: mistari ya bawani ni myekundu, na mkia ni wa rangi ya majivu. Ya pili ni samawati: mwili wa kijivu, mistari miwili myeusi bawani, na utepe mweusi mwishoni mwa mkia. Njiwa mweusi kwa kawaida ni wa jamii hii ya pili, ila weusi wake umetandaa mwili mzima. Ya tatu ni hudhurungi. Nyekundu huzidi samawati kwa nguvu, na samawati huzidi hudhurungi. Njiwa mwenye mbili kati ya hizi huonyesha ile yenye nguvu na kuificha nyingine.

Sasa, Ndugu Wanachama, tuichukulie rangi hii kama hisa katika chama. Dume ana hisa mbili, jike ana moja tu. Sababu ni kwamba hisa hiyo imo katika kromosomu ya jinsia. Kwa ndege, tofauti na binadamu, ni dume aliye na kromosomu mbili zinazofanana. Jike ana moja ya aina hiyo, na ya pili haina hisa ya rangi. Kinda dume hupata hisa moja kwa baba na moja kwa mama. Kinda jike hupata hisa yake kwa baba peke yake. Mama hampi binti yake rangi hii hata kidogo. Kwa hiyo jike huonyesha yote aliyo nayo, bali dume aweza kuwa na akiba iliyofichika.

Katika hayo tunapata kanuni zifuatazo:

1. Dume wa samawati akipandishwa kwa jike mwekundu wa majivu, makinda madume wote watakuwa wekundu na majike wote watakuwa wa samawati, isipokuwa pale ambapo dume ameficha hisa ya hudhurungi, ambapo baadhi ya majike watakuwa wa hudhurungi. Manyoya yanapochomoza tu, mfugaji amekwisha kujua dume ni yupi na jike ni yupi. Huu ndio mpandisho wenye faida kwa mwenye kuuza jozi.

2. Ukigeuza, yaani dume mwekundu mwenye hisa mbili nyekundu na jike wa samawati, makinda wote watakuwa wekundu, na rangi haitakuambia lolote juu ya jinsia.

3. Wazazi wote wawili wakiwa wekundu, na baba ameficha hisa ya samawati, makinda madume wote watakuwa wekundu. Kwa majike, kila mmoja ana nafasi sawa ya kuwa mwekundu au wa samawati. Kinda wa samawati aliyezaliwa na wekundu wawili ni jike siku zote.

4. Wazazi wote wawili wakiwa wa samawati, hawawezi kuzaa kinda mwekundu wa majivu, kwa kuwa hakuna aliye na hisa hiyo ya kumpa.

Turudi kwenye shauri letu. Aliyelalamika kwamba wekundu wake wamezaa kinda wa samawati hakutapeliwa, maana kanuni ya tatu yaeleza jambo hilo. Tena angemtazama yule dume kwa makini, huenda angeona vidoa vyeusi katika manyoya ya bawa au ya mkia. Dume mwekundu aliyeficha samawati mara nyingi huwa na vidoa hivyo, navyo huongezeka kadiri anavyokua. Lakini ikiwa wa samawati wawili wametoa kinda mwekundu wa majivu, hapo kuna baba mwingine.

Hata hivyo, katibu asikate shauri kabla ya kutazama mkia. Upo wekundu wa namna nyingine ambao hutanda mwili mzima, mkia ukiwamo. Huo haumo katika kromosomu ya jinsia, na kinda huupata tu akipewa hisa na wazazi wote wawili. Wazazi wa samawati waweza kuuficha, na kuzaa kinda wa namna hiyo kihalali kabisa. Mweupe naye ni fumbo. Weupe waweza kufunika rangi yoyote, na hisa zake hujulikana tu kwa kuwatazama wazazi na watoto wake.

Rangi iliyofifia

Ipo hisa nyingine katika kromosomu hiyo hiyo, ambayo huifanya rangi ififie: mweusi huwa kijivu hafifu, na mwekundu huelekea manjano. Hii ni dhaifu mbele ya rangi kamili. Ukimpandisha dume aliyefifia kwa jike mwenye rangi kamili, majike wote watafifia na madume wote watakuwa kamili. Uzuri wake ni kwamba kinda aliyefifia huanguliwa akiwa karibu uchi, vinyoya vyake vikiwa vifupi mno. Hivyo jinsia hujulikana siku ile ile ya kuanguliwa.

Mambo haya yaliwashughulisha wataalamu kwa muda mrefu. Charles Darwin, aliyefuga njiwa nyumbani kwake Uingereza katika miaka ya 1850, alieleza katika kitabu chake cha 1859 jinsi alivyochanganya njiwa weupe na weusi, na katika wajukuu akapata samawati mwenye mistari miwili bawani, kama njiwa wa mwitu wa majabalini. Aliyaona matokeo bila kujua mpango wa urithi wenyewe. Mwaka 2014 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walizitambua jeni zinazohusika na rangi nilizozitaja. Wafugaji, hata hivyo, walikuwa wamekwisha kuzijua kanuni hizi kwa kuweka kumbukumbu.

Kazi ya katibu

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Napendekeza kila chama chenye wafugaji wa njiwa kiwe na daftari la jozi. Liandikwe namba ya pete ya kila njiwa, rangi yake, rangi ya baba na mama, tarehe ya kuanguliwa, na rangi ya kila kinda. Pete zivishwe mapema, mguu ungali mwembamba. Mwenye kuuza jozi atoe nakala ya ukurasa wake, na mnunuzi aitunze. Daftari la namna hiyo litamfichua mdanganyifu, na litamkinga mwaminifu.

Nawasihi pia msichague kwa rangi peke yake. Rangi haiongezi nyama. Jozi bora ni ile yenye afya na ilishayo makinda wake vizuri. Wala msipandishe ndugu kwa ndugu vizazi kwa vizazi kwa kutafuta rangi, kwani mtadhoofisha kundi.

Ndugu Mwenyekiti, ushirika husimama juu ya kuaminiana, na kuaminiana hudumu pale ambapo hesabu zaweza kusomwa na kila mtu. Rangi ya njiwa nayo ni hesabu. Tujifunze kuisoma kabla ya kununua, na kabla ya kumshtaki jirani.