Kutunza Kitabu cha Jamaa

(Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa tuseme machache juu ya kazi za mapumziko, yaani mambo ambayo mtumishi aweza kuyafanya baada ya saa za ofisi kwa furaha yake na kwa faida ya watu wake. Waliotutangulia mahali hapa wamenena habari za bustani za mboga, za mpira, na za kusoma vitabu. Sisi tumechagua jambo dogo lisilotaka uwanja wala jembe, nalo ni kutunza kitabu cha jamaa, yaani ile albamu ambamo hubandikwa picha, barua, kadi za arusi, vipande vya magazeti na kumbukumbu nyingine za nyumba. Wala hatutasema sana juu ya kukianzisha, maana vitabu hivi havikosekani majumbani. Tutasema juu ya kukiendeleza hata kifike mwezi huu tulio nao. Hapo ndipo penye taabu.

Ukizuru nyumba za watumishi na kuletewa kitabu ukitazame huku chai ikipikwa, mara nyingi utaona hivi. Kurasa za mbele zimejaa arusi: bwana arusi, bibi arusi, mashahidi, na keki. Kisha yuko mtoto wa kwanza, naye ana kurasa sita. Alipoota jino alipigwa picha, aliposimama alipigwa picha. Mtoto wa pili ana ukurasa mmoja. Wa tatu hana hata picha moja yenye jina lake. Baada ya hapo kurasa ni nyeupe tupu, na nyuma ya jalada imo bahasha nene ya picha zinazongoja siku ya nafasi. Siku hiyo haina tarehe katika kalenda yoyote.

Ni ajabu kwamba haya hutokea katika nyumba za makarani. Ofisini barua ikiingia asubuhi hupigwa muhuri wa tarehe, huandikwa katika daftari, hutiwa nambari, kisha huwekwa katika faili lake. Mtu akija kuiulizia baada ya miaka kumi, ataonyeshwa. Lakini barua ambayo mzazi alimwandikia mwanawe siku alipopata kazi hukunjwa ikatiwa chini ya godoro, au hutumika kufungia dawa. Wazee walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Nasi twauliza: je, watu wetu si mali?

Yatupasa pia kufikiri juu ya maisha ya mtumishi. Mkulima aliyezaliwa, akaoa na kuzeeka katika kijiji kimoja, kijiji chenyewe ni kitabu chake. Akisahau jina la mtu, jirani atamkumbusha. Akisahau kaburi, mwembe utamwonyesha. Lakini mtumishi hupata barua ya uhamisho. Mtoto mmoja amezaliwa pwani, wa pili bara, wa tatu kando ya ziwa. Majirani waliomwona mtoto akitambaa wameachwa kule nyuma, na shangazi zake huwajua kwa majina tu. Watoto wa namna hii hawana mwembe wa kuwaonyesha. Kitabu kisipowaambia walikotoka na ndugu zao ni akina nani, ni nani mwingine atakayewaambia?

Ndugu wanachama, tuliwahi kuhudhuria matanga ya mzee mmoja, mtumishi mstaafu. Siku zilipokwisha, watoto wake walifungua sanduku lake wakakuta picha zaidi ya mia, zimefungwa kwa kamba, hata moja haina maandishi. Walimtambua baba yao, wakamtambua mama yao, basi. Wengine wote walikuwa watu wa heshima waliovaa vizuri, na hapana aliyewajua. Alikuwapo shangazi yao mmoja aliyewajua wote, lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kupotea kwa uzee. Basi mjukuu mmoja wa kike akaketi karibu naye mkekani akaanza kumsimulia picha moja moja: "Bibi, huyu ni mwanamume mrefu, amevaa kanzu, ameshika baiskeli, na kushoto kwake yuko mtoto mwenye kofia kubwa." Bibi hufikiri kidogo, kisha husema, "Kofia ile ilikuwa ya baba yake. Huyo mtoto ni fulani, alikufa kwa ndui." Mjukuu huandika. Walifanya hivyo siku mbili. Picha thelathini na moja zilipata majina. Zilizobaki zilifungwa tena kwa kamba yao, na bibi naye hakukaa mwaka.

Fundisho la pale ni wazi. Picha yaonyesha uso, lakini haisemi jina. Jina hukaa katika kinywa cha mtu, na kinywa hicho hufumba siku tusiyoijua.

Historia ya vyama kama hiki chetu yatufundisha neno hilo hilo. Mwaka 1922, huko Tanga, Martin Kayamba pamoja na wenzake walianzisha chama cha watumishi wa serikali Waafrika wa Tanganyika. Mwaka 1931 alikwenda London kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, akaandika habari za safari ile katika kitabu chake Tulivyoona na Tulivyofanya Ingereza, kilichopigwa chapa mwaka 1932. Tena habari za maisha yake zilitokea mwaka 1936 katika kitabu cha Kiingereza kilichokusanya maisha ya Waafrika kumi. Kwa hiyo hata leo mtu aweza kusoma habari za kwao, masomo yake na kazi zake. Wenzake wa chama kile nao walikuwa na wake, watoto, safari na furaha zao, lakini wengi wamepita bila kuacha ukurasa. Tofauti yao si cheo peke yake. Tofauti ni wino.

Sasa tuseme jinsi ya kuifanya kazi yenyewe.

Kwanza, tuchague siku. Saa moja kwa mwezi yatosha, mathalani Jumapili ya kwanza baada ya mshahara, chakula kikiisha kuondolewa mezani. Wala tusianze na deni la zamani. Afunguaye bahasha nene ya miaka kumi huchoka jioni ile ile, na huku miezi mipya yazidi kupita. Tubandike kwanza mambo ya mwezi huu, picha nne au tano zilizochaguliwa. Kisha, nafasi ikibaki, turudi nyuma ukurasa mmoja tu wa zamani. Hivyo deni hupungua bila kuongezeka jingine.

Pili, tuandike. Kila picha ipewe mambo matano: ni nani, kuanzia kushoto kwenda kulia, ni wapi, ni lini, palikuwa na nini, na ni nani aliyetoa habari hizi. Jambo la tano ni la kikarani, lakini lina faida, maana msomaji atajua kama aliyesema alikuwapo au alisikia. Kama tarehe ni ya kukisia, tuandike kwamba ni ya kukisia. Tena tujihadhari na majina ya udugu. Tukiandika "Baba na Mama Mdogo" chini ya picha, sisi twaelewa; lakini mjukuu akisoma, baba ni mtu mwingine, na mama mdogo ni mwingine tena. Tuandike jina kamili, la mtu na la baba yake, ndipo tuongeze udugu.

Tatu, tuwaendee wazee. Tupatapo likizo ya kwenda nyumbani, kitabu na kisafiri pamoja nasi katika mzigo wa mkononi. Tumwulize kila mzee peke yake, maana wakiwa wawili mmoja hunyamaza kwa kumstahi mwenziwe. Wakipingana, tusimhukumu mmoja, bali tuandike maneno yote mawili. Tusisahau pia kutazama mgongo wa picha. Picha za zamani mara nyingi zina muhuri wa studio iliyozipiga. Na mtu akikuta, kwa mfano, muhuri wa Capital Art Studio ya Unguja, iliyofunguliwa mwaka 1930, amekwisha kupata dalili ya mji, tena ajua ya kuwa picha haikupigwa kabla ya mwaka ule. Muhuri kama huo usifunikwe kwa gundi.

Nne, vifaa. Taabu ya gundi si ngeni. Mwandishi wa Marekani, Mark Twain, mwaka 1873 alipata hati ya uvumbuzi kwa ajili ya kitabu chenye kurasa zilizokwisha kutiwa gundi, mtu alowanishe tu na kubandika. Siku hizi zauzwa albamu zenye kurasa za kunata na nailoni juu yake. Ni rahisi kutumia, lakini baada ya miaka gundi yake huishika picha hata haitoki ila kwa kuchanika. Afadhali kitabu cha karatasi nene, na picha zishikwe kwa pembe ndogo nne za karatasi, ili iwezekane kuzitoa. Uji wa unga wa ngano tusiutumie, maana mende na wadudu wala-karatasi huupenda kuliko sisi tupendavyo mkate. Utepe wa gundi nao hugeuka manjano na kuacha doa. Karatasi ya gazeti ina asidi. Huwa manjano, hukatika, na huitia doa picha iliyo karibu nayo. Basi kipande cha gazeti kitolewe nakala katika karatasi njema, na nakala ndiyo ibandikwe. Hati za kuzaliwa, za ndoa na za shule zisibandikwe kabisa. Hizo ziwekwe mahali pake, na kitabuni itiwe nakala.

Kitabu kikae rafuni ndani ya nyumba, mbali na jua, mbali na ukuta unaovuja, wala kisiwekwe darini penye joto. Picha za rangi hufifia kwa mwanga na joto. Na kwetu pwani koga huingia upesi mahali pasipopita hewa. Kifunguliwe kila mwezi. Kitabu kinachofunguliwa hupata hewa na hupata wasomaji pia.

Tano, simu za mkononi. Watu husema, "Picha zetu zote zimo katika simu, kitabu cha nini?" Twajibu ya kuwa simu ni ghala nzuri lakini mlango wake mmoja. Ikiibiwa, ikianguka majini, au ikifa, ghala yote huenda nayo. Tena picha elfu tatu zisizo na majina ni sanduku lile lile la mzee, ila halina kamba. Tuchague chache kila mwezi zisafishwe katika karatasi, na nakala za zote ziwekwe mahali pawili mbalimbali.

Tungependa kusema neno juu ya wale wasio na picha. Katika kila nyumba yuko mtu aliyekufa kabla ya kupigwa picha, au aliyekuwa jikoni kila mara wenzake walipopangwa mstari. Mara nyingi ni bibi yetu, naye ndiye aliyetulea. Huyu apewe ukurasa mzima. Tuandike jina lake, kwao, aliyemzaa, alikuwa akipanda nini, alikuwa akisema nini watoto walipokataa kulala. Kama limebaki kovu la kanga yake, au barua aliyoandikiwa, nalo litiwe hapo. Ukurasa usio na picha si ukurasa mtupu.

Liko pia jambo la mkasi. Wako watu ambao wakigombana na ndugu, au wakiachana na mke, huchukua mkasi wakakata uso wake katika picha. Twawaomba wasifanye hivyo. Mke aliyeachwa ni mama wa watoto, nao watakitafuta kitabu hiki watakapokuwa wakubwa. Wakikuta tundu mahali pa uso wa mama yao, hawatasoma habari za kosa lake. Watasoma habari za hasira ya baba yao. Siri za nyumba hatusemi zibandikwe; lakini mtu si siri.

Bwana Mwenyekiti, tumekwisha karibu. Hatukuja kuwataka wanachama watumie fedha nyingi, maana kalamu, kitabu na saa moja si mzigo kwa mtumishi. Twatoa shauri hili tu: mkutano ujao kila mmoja na aje na picha moja ya zamani, iliyokwisha kuandikwa majina ya wote waliomo. Asiyeyajua majina hayo anazo siku za kutosha kabla ya mkutano kumwuliza ayajuaye. Na kama ayajuaye ni mzee wa mbali, basi barua iandikwe leo, au simu ipigwe usiku huu.