Siku ya Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ina Nguzo Tano

(Mada iliyotolewa msikitini baada ya sala ya Isha, mbele ya wazazi na vijana wanaojiandaa kwenda vyuoni)

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba zake, na wote wanaofuata nyayo zao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu Waislamu, wazee wetu na vijana wetu. Kila mwaka vyuo vinapokaribia kufunguliwa, wazazi hufika msikitini kuwaombea dua watoto wao. Tunaomba, tunachanga nauli, kisha kijana anaondoka. Tangu siku hiyo tunamuuliza mambo mawili tu: je, fedha zimefika? Na je, matokeo yametoka? Ni nadra kumuuliza siku yake inapita vipi. Nasi tunasema kuwa swali hilo tusilouliza ndilo linaloamua matokeo yake, na ndilo linaloamua pia kama atarudi nyumbani na dini yake.

Mwanafunzi wa sekondari huamshwa kwa kengele, hula kwa kengele na hulala kwa kengele. Akifika chuo kikuu, kengele imekoma. Leo ana vipindi vinne, kesho ana kimoja, keshokutwa hana hata kimoja, na hakuna mwalimu wa zamu anayepita bwenini. Hii ni neema kubwa, na ni mtihani mkubwa. Katika hadithi ya Ibn Abbas (r.a.) aliyoipokea Imam Bukhari, Mtume (s.a.w.) ametutahadharisha kuhusu neema mbili ambazo watu wengi hupata hasara ndani yake: afya na wasaa. Tazameni, ndugu zetu, ni nani mwenye neema hizo mbili kwa pamoja kuliko kijana wa miaka 20 aliyeko chuoni?

HOJA YA "SINA MUDA"

Wapo vijana wanaosema kuwa masomo ya chuo hayawaachii nafasi ya sala za jamaa. Wapo pia wazazi, Allah atusamehe sote, wanaosema: "Mwacheni amalize shahada kwanza, dini ataikuta." Hebu tuipime hoja hii kwa hesabu.

Katika mfumo wa vyuo vikuu vya Tanzania, krediti moja huhesabiwa kuwa ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, na mwaka mmoja wa shahada ya kwanza huwa na krediti 120. Hizo ni saa 1,200 kwa mwaka, sawa na saa 600 kwa muhula. Muhula ukiwa wa wiki 15, mwanafunzi anadaiwa saa 40 za masomo kila wiki, darasani na nje ya darasa. Wiki ina saa 168. Alale saa 7 kila usiku, hizo ni saa 49. Aipe kila sala nusu saa, pamoja na kutawadha na kutembea hadi msikitini, hizo ni saa 17 na nusu kwa wiki. Jumlisheni yote: ni saa 106 na nusu. Zimebaki saa 61 na nusu, yaani karibu saa 9 kila siku, za kula, kufua, kusafiri, kutembeleana na kupumzika.

Basi muda upo. Kinachokosekana ni mpangilio. Na zingatieni jambo jingine katika hesabu hii: saa nyingi kati ya zile 40 haziko katika ratiba iliyobandikwa ukutani. Ni saa za maktaba na za kujisomea, ambazo hakuna anayezihesabu isipokuwa mwanafunzi mwenyewe na Mola wake. Kijana anayehudhuria vipindi vyote kisha akadhani amemaliza kazi, hushangaa anapopata "sapu", na mwingine hushangaa zaidi anapoambiwa kuwa ameondolewa chuoni.

SIKU HUANZA USIKU

Katika dini yetu siku huingia kwa kuzama jua. Kijana anayetaka kuitengeneza kesho yake na aanze na usiku wa leo. Abu Barza (r.a.) ameeleza, katika hadithi aliyoipokea Bukhari, kwamba Mtume (s.a.w.) alichukia kulala kabla ya Isha na kuzungumza baada yake. Wanachuoni hawakuifahamu hadithi hii kuwa inakataza elimu. Imam Bukhari mwenyewe ameweka katika kitabu cha elimu mlango kuhusu mazungumzo ya usiku ya kielimu. Kinachochukiwa ni soga zinazoila Alfajiri.

Na soga za zama zetu haziko barazani tena, ziko kiganjani. Kijana hujilaza na simu yake saa 4 usiku akisema anatazama jambo moja tu, akashtuka ni saa 8 za usiku. Alfajiri imempita, kipindi cha saa 1 asubuhi amekikosa, au amehudhuria kiwiliwili huku akili imelala. Anayeswali Isha kwa jamaa, akasoma hadi saa 4, akaiweka simu mbali na kitanda na kulala, ataamka saa 11 alfajiri akiwa amepata saa zake saba kamili.

Baada ya Alfajiri kuna muda ambao wengi wanauzika kwa usingizi. Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kwa Sakhr al-Ghamidi (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliuombea umma wake baraka katika asubuhi zake za mapema. Sakhr alikuwa mfanyabiashara. Akawa anapeleka bidhaa zake mapema, na mali yake ikaongezeka. Biashara ya mwanafunzi ni elimu. Bweni limetulia, maji hayajagombaniwa, akili ni safi. Saa moja hapo, baada ya kurasa zake za Qur'ani, huzaa zaidi ya saa mbili za mchana wa joto na kelele.

MCHANA NA VIPINDI VINAVYOGONGANA

Sisi tuliojaaliwa kusoma katika vyuo vya Kiarabu tulikuta ratiba inayoizunguka sala: adhana ikitoka, darasa husimama. Hapa kwetu vyuo vingi havikupangwa hivyo, na kijana asingoje vimpangie. Aijue fiqhi ya nyakati. Adhuhuri ina wakati mpana hadi Alasiri, hivyo kipindi cha saa 7 hakiwezi kuwa udhuru wa kuiacha. Magharibi ni finyu. Aombe ruhusa kwa adabu, dakika kumi zinamtosha. Ijumaa haingoji, ikiwa ratiba inagongana nayo, amwone mhadhiri au mhusika wa ratiba katika wiki ya kwanza ya muhula, si wiki ya mtihani. Wahadhiri wengi, hata wasio Waislamu, humheshimu mwanafunzi anayewahi kusema na anayefanya kazi zake vizuri.

Na akikosa kipindi kwa udhuru wa kweli, asome kwa Umar bin al-Khattab (r.a.). Bukhari amepokea kwamba Umar na jirani yake wa Kiansari walikuwa wakipokezana kwenda kwa Mtume (s.a.w.): huyu leo, yule kesho, na kila aliyekwenda alimletea mwenzake habari za siku ile. Walikuwa na kazi na familia, wala hawakuiacha elimu. Mwanafunzi naye achague mwenzake mwaminifu wa kubadilishana naye madaftari. Na hayo majadiliano ya vikundi, vijana wa kiume wawe na chao na mabinti wawe na chao, mahali pa wazi na kwa muda unaojulikana, ili binti zetu wasirudi mabwenini usiku wa manane.

Hatumaanishi kuwa kijana asicheke wala asicheze mpira. Salman (r.a.) alipomwona Abu Dardaa (r.a.) amezidisha ibada, alimkumbusha kwamba Mola wake, nafsi yake na ahali zake wote wana haki juu yake, na Mtume (s.a.w.) akamsadikisha. Baada ya Alasiri na achangamshe mwili. Haki ya kila mmoja ipewe mwenyewe.

WAJIBU WETU SISI TULIOBAKI

Wazee wetu, wengi wa vijana hawa wanasoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005. Lile "bumu" wanalolifurahia ni deni, nanyi mnajua uzito wa deni katika dini yetu. Siku anayoipoteza kijana chuoni imenunuliwa kwa deni atakalolilipa kwa miaka, na wengine imenunuliwa kwa ng'ombe na shamba la baba.

Basi tukiwapigia simu, tuwaulize pia: Alfajiri umeswali wapi? Jana ulilala saa ngapi? Leo umesoma nini nje ya darasa? Tuwaulize kwa upole wa mzazi, si kwa ukali wa mpelelezi, maana kijana akiogopa swali hujifunza kusema uongo. Na wakirudi likizo, tusiwaache wakae nyuma ya safu kama wageni. Tuwape darsa la watoto, tuwape hesabu za msikiti, waone kuwa elimu yao ina kazi hapa.

Nanyi vijana, ratiba ya chuo hubadilika kila muhula. Nyakati tano ameziweka Allah (s.w.) kuwa faradhi, na hazibadiliki. Simikeni siku zenu juu ya nguzo hizo, kisha mengine myapange katikati.

Tunamuomba Allah (s.w.) awape vijana wetu elimu yenye manufaa, awabarikie nyakati zao, na asiwafanye kuwa hasara kwa wazazi wao duniani na Akhera. Wabillahi tawfiq.