Dira, Mvua na Watoto Waliokwisha Kuzaliwa

Tarehe 17 Julai 2025, jijini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Dira ya Taifa ya Maendeleo 2050. Katika yote yaliyomo, tarakimu mbili ndizo zilizokaa midomoni mwa watu: uchumi wa dola za Marekani trilioni 1, na kipato cha dola 7,000 kwa kila Mtanzania kwa mwaka.

Redio husoma tarakimu za namna hii kwa sauti ileile inayosomea utabiri wa mvua za vuli na makadirio ya idadi ya watu. Kwa msikilizaji aliye Kasulu au Nachingwea, zote ni habari za mbele. Ni nadra aambiwe kuwa ya kwanza ni lengo, ya pili ni uwezekano, na ya tatu ni hesabu ya watu ambao wengi wao wamekwisha kuzaliwa. Kila taaluma huijenga kesho kwa zana zake. Zipo taaluma ambazo wakati ukifika hurudi na kujikagua hadharani, na zipo zinazopita moja kwa moja kwenda kwenye kesho nyingine.

Mpangaji wa maendeleo huanzia mwisho. Huchagua mwaka, huichora nchi anayoitaka, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye bajeti ya mwaka huu. Ndivyo ilivyoandikwa Dira ya 2025, iliyotoka mwaka 1999 enzi za Rais Benjamin Mkapa. Ilitaka uchumi ukue kwa asilimia 8 au zaidi kwa mwaka, umaskini uliokithiri utoweke, na Tanzania iwe nchi ya kipato cha kati chenye dola 3,000 kwa mtu. Julai 2020 Benki ya Dunia iliitangaza Tanzania kuwa imeingia kundi la kipato cha kati cha chini, miaka mitano kabla ya muda. Watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini kizingiti cha Benki ya Dunia mwaka ule kilikuwa dola 1,036, na Tanzania ilikivuka ikiwa na dola 1,080. Zile 3,000 hazikufikiwa, hata nusu yake haikufikiwa. Dira hiyohiyo ilifaulu na kushindwa, kutegemea ni ukurasa gani msomaji ameufungua.

Mpangaji hana kosa kwa kutaka makubwa. Hakusema kitakachotokea, alisema kinachotakiwa, na nchi isiyo na kinachotakiwa hugawa fedha zake kwa kelele za aliye karibu na meza. Ubaya ni pale lengo linaposomwa kama utabiri. Likisomwa hivyo, muda unapokwisha hakuna anayeuliza ni kipi kilichokwamisha. Linaandikwa lengo jipya lenye mwaka mpya.

Chini ya kila kipato cha mtu mmoja kuna kugawanya, na anayejua idadi ya wanaogawiwa ni mtaalamu mwingine kabisa. Gawa trilioni 1 kwa 7,000, utapata watu milioni 143 hivi. Hao ndio Watanzania waliofichwa ndani ya tarakimu mbili za Dira mpya. Makadirio ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka huohuo wa 2050 ni watu milioni 130 hivi. Sensa ya 2002 ilihesabu milioni 34.4. Ya 2022 ilihesabu 61,741,120.

Wataalamu wa idadi ya watu hawachori nchi waitakayo. Wanahesabu waliopo kwa umri na jinsia, kisha wanawasogeza mbele mwaka baada ya mwaka, wakiwapunguza kwa vifo na kuwaongeza kwa uzazi na uhamiaji. Atakayetimiza miaka 25 mwaka 2050 alizaliwa mwaka uleule Dira ilipozinduliwa. Wengi wa akina mama watakaojifungua mwaka 2045 leo wanajifunza kusoma, au bado wamebebwa mgongoni. Kwa sababu hiyo makadirio ya miaka 25 mbele ni imara kuliko karibu kila tunachosikia kuhusu kesho, ingawa yakivuka miaka 50 huanza kutanuka. Mtoto wa leo atahitaji dawati mwaka fulani unaojulikana, na ajira mwaka mwingine unaojulikana. Katika habari zote za mbele, hii ndiyo yenye kudai matendo mapema zaidi, na ndiyo inayosomwa kwa haraka zaidi kabla ya michezo.

Kwa watabiri wa hali ya hewa kuna jambo linalostahili muda mrefu zaidi. Mwaka 1998, wakati Afrika Mashariki ikiwa bado katika maafa ya mvua za El Niño zilizoanza 1997, wanasayansi wa Pembe ya Afrika walianza mikutano ya kutoa utabiri mmoja wa msimu kwa nchi zote za eneo hili. Leo inaendeshwa na ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake. Wanachokitoa hakisemi mvua itanyesha siku gani. Huchukua misimu 30 iliyopita na kuipanga kuanzia yenye mvua kidogo hadi yenye mvua nyingi, kisha huigawa mafungu matatu: chini ya wastani, wastani, na juu ya wastani. Bila taarifa yoyote, kila fungu lina theluthi moja ya nafasi. Ndipo hutazama bahari. Maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, upande wa pwani yetu, yakiwa na joto kuliko ya upande wa Indonesia, vuli huelekea kuwa kubwa, kama ilivyokuwa 1997 na 2019. Nafasi za mafungu yale matatu zinasogea. Fungu la juu ya wastani likipewa asilimia 55, maana yake ni kwamba bado zipo asilimia 45 za kuwa vingine.

Mwezi Agosti 2023 mkutano huo ulisema wazi kuwa uwezekano wa vuli yenye mvua nyingi ni mkubwa. Nchini Kenya watu walianza kuzungumzia El Niño sokoni na kanisani. Oktoba, Rais William Ruto akawaambia wananchi kwamba wataalamu wamerekebisha utabiri wao, na kwamba El Niño ya kutisha haingekuja, ingawa mvua ingekuwa zaidi ya kawaida. Novemba mafuriko yaliikumba Mandera, Garissa, Tana River na Mombasa, na zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Utabiri wa Agosti ulikuwa na asilimia zake, lakini ulipofika kwa wananchi ulikuwa umegeuzwa swali la ndiyo au hapana. Hapo ndipo uwezekano ulipoteza kazi yake, maana kazi yake ni kumfanya mtu ahamishe mifugo na watoto kutoka bondeni hata kabla hajawa na hakika.

Huko Bunyore, kaunti ya Vihiga, ukoo wa Nganyi umetabiri mvua kwa vizazi. Wazee hutazama kuchanua kwa miti, mienendo ya ndege na wadudu, na upepo katika misitu midogo waliyoitunza kama mahali patakatifu. Tangu mwaka 2008 hivi, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na ICPAC zimekuwa zikikaa nao. Kila upande huja na utabiri wake wa msimu, wanalinganisha, wanabishana, wanatoka na kauli moja, kisha kauli hiyo inapelekwa kwa wakulima kwa lugha yao na kwa vinywa wanavyoviamini. Hapa taaluma mbili za kesho zimekubali kuketi meza moja bila mojawapo kumezwa na nyingine. Ni mfano bora kuliko makongamano mengi yenye majina marefu.

Na kuna desturi ya watabiri hawa isiyotangazwa vya kutosha. Kila mkutano wa msimu, kabla ya kutoa utabiri mpya, hurudi kwenye ule uliopita: tulisema nini, kilinyesha nini, wapi tulipatia, wapi tulikosea, na wakulima walifanya nini na taarifa yetu. Ramani ya utabiri na ramani ya mvua iliyonyesha huwekwa mbele ya watu walewale.

Bima nayo hujikagua, ila hulazimishwa na fedha. Januari 2010 taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, ILRI, yenye makao yake Nairobi, pamoja na washirika wake, ilianzisha huko Marsabit, Kenya, bima ya mifugo inayosomwa kwa setilaiti. Chombo kilicho angani hupima ukijani wa malisho. Ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, wafugaji wote wenye bima katika eneo hilo hulipwa, bila mtu kwenda kuhesabu mizoga. Mwanzoni malipo yalikuja baada ya hasara kukadiriwa. Baadaye mfumo ukabadilishwa ili fedha zifike malisho yanapoanza kukauka, mfugaji anunue chakula na maji akiwa bado na ng'ombe wa kuwalisha. Pale setilaiti inapoona kijani huku mfugaji akifukia ng'ombe, anayeumia ana jina, na hatanunua bima hiyo tena.

Wengine huikataa tarakimu moja na kusimulia. Mbinu ya kubuni visa kadhaa vya kesho ilikuzwa na kampuni ya mafuta ya Shell kabla ya mshtuko wa bei za mafuta wa 1973, na Waafrika Kusini waliitumia katika mikutano ya Mont Fleur mwaka 1991 na 1992, wakati nchi ikitoka katika ubaguzi wa rangi. Kenya ilipata visa vyake mwaka 2000. Vilikuwa vinne: El Niño (nchi isiyobadili chochote hadi ivunjike), Maendeleo (uchumi kwanza na siasa ibaki palepale), Katiba (taasisi kwanza), na Bata Warukao (uchumi na siasa vikibadilishwa pamoja). Waandishi wa visa hivyo hawakusema kipi kitatokea. Miaka saba baadaye, baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya Wakenya 1,100 waliuawa. Mwaka 2010 nchi ilipata Katiba mpya. Kenya ilionja kisa cha kwanza na cha tatu ndani ya miaka mitatu, na waliokuwa wamesoma visa vile walikuwa na majina ya kuita walichokiona.

Wasanii huenda mbali zaidi, na hawaombwi asilimia. Katama Mkangi, msomi wa sosholojia aliyewahi kuwekwa kizuizini bila kushtakiwa miaka ya 1980, alichapisha riwaya ya Walenisi mwaka 1995. Mhusika wake Dzombo, aliyehukumiwa kifo, anajikuta katika jamii ambamo binadamu hawapandi juu ya migongo ya wenzao. Wanuri Kahiu, katika filamu yake fupi ya Pumzi ya mwaka 2009, aliionyesha Afrika baada ya vita vya maji: watu wamefungiwa ndani, kila tone la jasho linasafishwa na kunywewa tena, na mwanamke mmoja anataka kutoka nje kwa ajili ya mche. Jedwali la Dira haliwezi kuuliza maisha hayo ya dola 7,000 yatakuwa ya nani, na ya namna gani. Riwaya huuliza swali hilo kwa sura nzima.

Taaluma hizi zinahitajiana, na ile inayohitaji zaidi msaada wa wenzake ni ile yenye nguvu kubwa kuliko zote, yaani mipango ya taifa. Tanzania, Kenya yenye Ruwaza yake ya 2030, na jirani zao wengi wana dira. Zingeazima desturi moja tu kutoka kwa watabiri wa mvua: kufungua kitabu cha zamani hadharani kabla ya kufungua kipya.

Dira 2050 imepangwa kuanza kutekelezwa Julai 2026, kwa mipango ya miaka mitano mitano. Wa kwanza utakwisha Juni 2031. Kabla ya wa pili kuzinduliwa, Tume ya Mipango inaweza kutoa kurasa mbili: safu ya kilicholengwa, safu ya kilichopatikana, idadi halisi ya watu waliogawana kilichopatikana, na maelezo ya kila pengo kwa Kiswahili cha kawaida. Kurasa hizo zisomwe kwenye redio zote, mkoa kwa mkoa, katika saa ambayo mkulima wa Nachingwea amerudi kutoka shamba.