Taa na Daftari: Somo Kutoka kwa Wauguzi wa Kwanza

(Maneno yaliyotolewa katika mkutano wa vikundi vya kujisaidia)



Leo nimeombwa niseme juu ya kazi ya uuguzi, na watu walioijenga. Kila mwaka, tarehe 12 Mei ni Siku ya Wauguzi duniani. Ndiyo siku aliyozaliwa Florence Nightingale, mwaka 1820. Alikuwa binti wa Kiingereza, wa familia yenye mali. Alipowaambia wazazi wake kwamba anataka kuuguza wagonjwa, walikataa katakata, maana kazi hiyo ilidharauliwa sana wakati huo. Hakukata tamaa. Mwaka 1851 alikwenda Kaiserswerth, Ujerumani, akajifunza kazi kwa akina mama wa Kiprotestanti waliohudumia maskini.

Mwaka 1854 Uingereza ilikuwa katika Vita vya Krimea, ikipigana na Urusi. Askari wagonjwa walipelekwa hospitali ya Scutari, Uturuki. Mwezi wa Novemba Florence alifika huko na wanawake 38. Kumi kati yao walikuwa masista Wakatoliki. Mmoja wao, Mama Mary Clare Moore wa Masista wa Huruma, alikuwa rafiki yake mpaka kufa. Ni shirika hilo la Masista wa Huruma lililofungua Hospitali ya Mater, Nairobi, mwaka 1962.

Wengi wetu tumesikia juu ya Florence akizunguka usiku na taa. Ni kweli. Lakini sikilizeni jambo ambalo halisemwi sana. Baada ya yeye kufika, vifo viliongezeka! Mwezi wa Februari 1855, kati ya kila wagonjwa 100, karibu 42 walikufa. Kwa nini? Chini ya jengo mifereji ya uchafu ilikuwa imeziba, hewa ilikuwa mbaya, na maji hayakuwa safi. Mwezi wa Machi mafundi wa usafi walitumwa kutoka Uingereza. Walizibua mifereji, wakasafisha maji, wakaingiza hewa. Kufikia Juni, kati ya 100 walikufa kama wawili tu.

Vita vilipokwisha, Florence alikaa chini na William Farr, mtaalamu wa hesabu, wakahesabu vifo vyote. Kumbe wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na magonjwa ambayo usafi ungeweza kuyazuia, hata mle hospitalini mwake! Hebu fikiri: umekesha na wagonjwa miezi mingi, halafu hesabu inakuambia hivyo. Angeweza kuficha. Yeye alichora michoro ya vifo hivyo, akawapa wakuu wa serikali, akadai mabadiliko. Mwaka 1860 shule ya wauguzi ilifunguliwa kwa jina lake katika Hospitali ya St Thomas', London.

Tusimsahau Mary Seacole, mama mwenye asili ya Kiafrika, aliyezaliwa Jamaica mwaka 1805. Alijifunza tiba kwa mama yake. Aliomba kwenda Krimea pamoja na wauguzi, akakataliwa. Je, alirudi nyumbani? La! Alisafiri kwa pesa zake, akafungua nyumba karibu na uwanja wa vita, akauza chakula na kutibu askari. Alirudi Uingereza amefilisika. Mwaka 2016 sanamu yake ilisimamishwa mbele ya Hospitali ile ile ya St Thomas'.

Ndugu zangu, mambo hayo yananigusa mimi mwenyewe. Zamani nilifanya kazi na kikundi kimoja ambapo watoto waliharisha kila mara. Nilifundisha kunawa mikono miezi na miezi, lakini watoto waliendelea kuugua, na mmoja tulimzika. Ndipo mweka hazina, mama wa darasa la saba tu, akaanza kuandika katika daftari: mtoto gani ameugua, tarehe gani, maji yamechotwa wapi. Baada ya wiki sita tuliona wazi. Karibu wote walikuwa wa nyumba zinazochota chini ya mahali ng'ombe wanaponyweshwa. Mimi sikuwa nimeuliza swali hilo hata siku moja. Niliona haya, lakini tulijenga ukuta, tukaweka bomba, na kuharisha kukapungua.

Kwa hiyo moyo wa huruma ni mzuri, lakini hautoshi. Taa bila daftari inaweza kumwangazia mgonjwa huku maji yakimwua. Na hesabu ikituonyesha kosa letu, tusiifiche.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:
1. Mwaka uliopita ni watoto wangapi waliugua katika kijiji chetu? Nani ameandika?
2. Maji yetu yanapita wapi kabla ya kufika mtungini?
3. Nani kati yetu ana ujuzi kama Mama Seacole, na sisi tumemkataa?