Gari la Chama na Bei ya Kilo Moja
(Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Hakuna mkulima akubaliye pamba yake ichukuliwe bila kupita juu ya mizani. Hata hivyo, katika vyama vingi gari huondoka limejaa mafuta, hurudi tangi likiwa tupu, na stakabadhi hutiwa katika jalada bila mtu kuuliza mafuta hayo yamefanya kazi gani. Fedha zake hutoka katika mazao kabla mwanachama hajalipwa. Kila lita inayopotea huipunguza bei ya kilo moja.

Kati ya Oktoba 1973 na Januari 1974 bei ya mafuta ghafi duniani ilipanda karibu mara nne. Tangu hapo nchi zinunuazo mafuta kutoka nje zajua kwamba bei haipangwi na mnunuzi. Chama hakiwezi kuipunguza bei. Chaweza kupunguza lita.

Kwanza ni kupima. Tangi lijazwe mpaka juu, na namba ya kilomita iandikwe. Gari lifanye kazi zake, kisha lijazwe tena mpaka pale pale. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo zilizotumika. Kwa mfano, lori lilijazwa kwenye kilomita 42,150, likajazwa tena kwenye 42,650 kwa lita 110. Hizo ni lita 22 kwa kila kilomita 100. Mwezi unaofuata zikifika 27, ipo sababu ya kutafutwa. Kwa lori liendalo kilomita 2,000 kwa mwezi, tofauti hiyo ni lita 100. Uzito wa mzigo na hali ya njia viandikwe pia, maana tani saba katika matope hazilingani na lori tupu juu ya lami.

Kipimo hiki humlinda dereva mwaminifu. Pasipo daftari, mafuta yakiisha mapema watu hunong'ona kwamba yameibwa, kumbe ni breki zinazoshika au bomba linalovuja. Na penye wizi wa kweli, daftari huufichua mapema. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Pili ni matunzo. Upepo wa matairi upimwe kila wiki, matairi yakiwa bado baridi. Tairi lenye upepo mdogo hulemea barabarani na kuitaka injini nguvu zaidi. Gurudumu linalopata moto kuliko mengine baada ya safari likaguliwe breki. Injini ya dizeli itoayo moshi mweusi inatupa mafuta yasiyoungua vizuri. Chujio la hewa lisafishwe au libadilishwe, na nozeli zipimwe na fundi.

Tatu ni uendeshaji. Mwendo ukipanda kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, upinzani wa hewa huongezeka kwa zaidi ya nusu. Lori kubwa linalonguruma huku limesimama kwenye foleni ya ghala laweza kuteketeza lita 2 au 3 kwa saa, lizimwe. Wako pia madereva watoao gea mteremkoni wakidhani wanaokoa mafuta. Jambo hilo ni la hatari, kwani mzigo wote huachiwa breki, tena halina faida. Gari likishuka katika gea bila kukanyagiwa mafuta, magurudumu ndiyo yazungushayo injini, na pampu hukata mafuta. Gea ikitolewa, injini hudai mafuta ili isizimike.

Nne ni mpango wa safari. Lori lipelekalo pamba kiwandani lirudi na mbolea au mbegu. Vyama viwili vilivyo jirani, kila kimoja kikiwa na nusu ya mzigo, vitumie gari moja na kugawana gharama.

Kazi hii yahitaji daftari, kalamu, kipimo cha upepo na Katibu asiyechoka kuandika. Katika kila kikao cha mwezi, hesabu ya lita kwa kilomita 100 isomwe pamoja na hesabu ya mazao yaliyopimwa, ili mwanachama aliyeuliza habari za mizani apate pia kuuliza habari za tangi.