Masizi kwenye tochi ya bastola



Mwenye leseni ya bastola chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, husafisha mtutu na mara nyingi husahau tochi iliyofungwa chini yake. Kila risasi inapofyatuliwa, moshi na chembe za baruti hutua kwenye kioo cha tochi hiyo. Mwanga hufifia kidogo kidogo, na gizani mtu asiyeona vizuri aweza kumdhania mwanawe kuwa mwizi.

Kabla ya kusafisha, magazini itolewe, chemba ikaguliwe kwa jicho na kidole, na risasi ziwekwe chumba kingine. Tochi izimwe na kufunguliwa kutoka kwenye bastola. Kioo kifutwe kwa kitambaa laini chenye maji kidogo ya sabuni. Kisu na msasa hukikwaruza, nayo dawa kali ya mtutu yaweza kuharibu plastiki. Kabla ya mazoezi ya shabaha, mafuta mepesi ya kujipaka juu ya kioo huzuia masizi yasigande.

Masizi hayo huwa na madini ya risasi, sumu inayodhuru ubongo wa mtoto. Kitambaa hicho kisirudi jikoni, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula au kubeba mtoto.

Mwisho, tochi ya bastola si ya kutafutia funguo wala ng'ombe. Inapomulika, mtutu nao umeelekea papo hapo. Kwa kazi hizo, kila nyumba iwe na tochi ya kawaida.