Ghala Kabla ya Boma: Asili ya Mji wa Tabora

Ukiuliza Tabora ilianza lini, utaambiwa mwaka 1852 au karibu na hapo, wafanyabiashara wa Kiarabu na Kihindi walipojenga Kaze, katika nchi ya Unyanyembe. Wengine husogeza mwanzo mbele zaidi, hadi boma la Wajerumani. Majibu yote mawili yanahesabu umri wa mji kwa kufika kwa wageni. Ninachotetea hapa ni kwamba kilichouweka mji pale ni uwezo wa Unyanyembe wa kutoa chakula kuliko walivyohitaji wenyeji wake, na kwamba uwezo huo ulitangulia tembe zote za matajiri wa pwani.

Tazameni ramani. Tabora iko kwenye uwanda wenye mwinuko wa mita 1,200 hivi. Haina ziwa, haina mto wa kupitisha vyombo, haina mlima wa kujikinga. Jibu la kawaida ni njia panda: mashariki Bagamoyo, magharibi Ujiji, kaskazini Karagwe na Buganda. Ni kweli, lakini njia zingeweza kukutana mahali pengine popote kwenye uwanda ule. Msafara kutoka pwani ulitembea miezi mitatu au zaidi, na kabla ya kufika ulivuka Ugogo, uliotoza hongo, kisha pori la Mgunda Mkali, ambamo maji na chakula vilikuwa adimu. Kila mpagazi alibeba frasila mbili hivi, yaani zaidi ya kilo 30. Posho yake ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku. Watu 500 walikula vibaba 500, kama kilo 350 kila kukicha, na waliweza kukaa wiki nyingi wakingoja vita vitulie au wapagazi wapya wapatikane. Pale palipokosekana mtama wa kuwatosha, msafara ulipita haraka. Huko Unyanyembe, uliweza kukaa.

Nani alilima? Hapa simulizi za fahari za upagazi wa Wanyamwezi, wenyeji wa nchi hii, hazitoshi. Wanaume wengi walikwenda pwani wakati wa kiangazi, na waliochelewa kurudi walikuta mvua imeanza. Jembe, ambalo chuma chake kilifuliwa na mafundi wa Usumbwa, lilibaki mikononi mwa wanawake, na kadiri biashara ilivyokua, mikononi mwa watumwa walioletwa kutoka magharibi. Mji ulilishwa na watu ambao hakuna mtaa uliopewa majina yao. Kuwataja ni sehemu ya kueleza ukweli wa jinsi mji ulivyosimama.

Kuna watakaosema kwamba bila mtaji wa Zanzibar pasingekuwa na mji, vijiji vya mtama tu. Sikatai kwamba mtaji uliukuza. Lakini Wanyamwezi walikuwa wakipeleka pembe pwani tangu mwanzoni mwa karne ya 19, kabla ya Kaze. Na matajiri wenyewe walionyesha walimtegemea nani. Mnywa Sele, mtemi (mtawala) wa Unyanyembe, alipowatoza ushuru, walimng'oa karibu na mwaka 1860 na kumweka Mkasiwa mahali pake. Hawakutawala wenyewe, walihitaji mtemi. Mnywa Sele aliendelea kupigana hadi alipouawa mwaka 1865. Mirambo, mtemi wa Urambo, alipofunga njia ya Ujiji mwaka 1871, biashara ya pembe ilitikisika hadi Zanzibar. Wajerumani nao hawakuimiliki nchi hadi Januari 1893, mtemi Isike wa Unyanyembe aliposhindwa na kujilipua kwa baruti ndani ya ngome yake.

Pingamizi gumu zaidi ni la reli. Mwaka 1912 garimoshi lilifika Tabora, na upagazi wa safari ndefu ukaisha. Je, mji haukuzaliwa upya kwa chuma? Kama msingi wake ungekuwa posho ya misafara peke yake, ungekufa na misafara. Mafundi wa reli waliifuata kwa sehemu kubwa njia ya zamani kwa sababu watu na masoko vilikuwa tayari huko, na nchi iliyokuwa ikilisha wapagazi ikapakia mabehewa karanga, ngozi, asali na nta.